MTO MSIMBAZI: MAJI YALIYOBADILIKA RANGI, LADHA NA HARUFU

(Mada iliyosomwa mbele ya waumini baada ya sala ya Alasiri, katika darsa ya kila mwezi)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, wa nchi kavu na wa majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Swahaba zake, na kila mwenye kufuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mwanafunzi wa madrasa zetu anapofungua Matni ya Abu Shujaa hakutani kwanza na sala, wala funga, wala Hija. Anakutana na maji. Mtungaji anayahesabu maji saba ambayo yafaa kujitwaharishia, na ya tatu katika hesabu hiyo, baada ya maji ya mvua na maji ya bahari, ni maji ya mto. Watoto wetu wanaihifadhi hesabu hii kwa moyo. Kisha mtoto huyo, ikiwa anasoma Vingunguti, Kigogo au Jangwani, anatoka nje na kitabu chake kwapani, na mto anaoukuta nyuma ya madrasa haumo katika yale maji saba. Unaitwa mto, lakini hukumu yake si hukumu ya mto.

Hatusemi hivi kwa kutia chumvi. Imam Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa ya maulamaa kwamba maji, yawe machache au mengi, yakiingiwa na najisi ikabadilisha rangi yake, au ladha yake, au harufu yake, basi ni najisi maadamu yamo katika hali hiyo. Maulamaa wametofautiana katika maji machache yasiyobadilika, na hapo ndipo inapokuja habari ya kullateni tunayoisoma sisi watu wa madhehebu ya Shafi'i. Lakini katika maji yaliyobadilika kwa najisi hakuna hitilafu. Asimame mmoja wetu juu ya daraja la Kigogo mwezi wa Septemba, wakati mto umepungua, kisha atuambie ni sifa ipi katika hizo tatu iliyosalimika.

Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe. Unateremka yapata kilomita 35, unapita Vingunguti na Tabata, Kigogo na Magomeni, unapokea njiani mito midogo ya Kinyerezi, Luhanga, Ubungo na Sinza, unatandaa katika bonde la Jangwani, hatimaye unaingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salenda, kati ya mikoko. Wapo wazee katika safu zetu za mbele wanaokumbuka perege na kamba waliovuliwa humo. Vijana wakisikia hucheka. Kwa kijana wa leo Msimbazi ni mtaro mkubwa, na mtaro kazi yake ni kuchukua uchafu. Hajapata kuuona ukifanya kazi nyingine.

NAMNA SAMAKI WANAVYOKUFA

Ni vyema tukalifahamu jambo hili kama lilivyo, kwa sababu wengi hudhani samaki wanakufa kwa sumu ya viwandani peke yake. Sumu ipo, na tutaitaja. Lakini muuaji mkubwa wa samaki katika mto kama huu ni kitu ambacho kila nyumba inacho, nacho ni kinyesi, damu, mabaki ya chakula na maji ya jikoni.

Samaki hupumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Kinyesi na damu vikiingia mtoni, bakteria huvishambulia na kuvimeng'enya, na katika kazi hiyo bakteria nao hutumia hewa ile ile. Uchafu ukiwa kidogo, mto hujisafisha wenyewe: maji yanapopiga mawe na kuteremka huvuta hewa mpya. Uchafu ukizidi, hewa inakwisha. Wataalamu wanasema samaki walio wengi wanahitaji kiasi cha miligramu tano za oksijeni katika kila lita ya maji ili waishi vizuri, na ikishuka chini ya mbili wengi hufa. Aidha, maji ya moto huhifadhi hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Kwa hiyo tulipokata miti ya ukingoni, jua likayapiga maji mchana kutwa, tuliwapunguzia samaki hewa hata kabla ya kuwamwagia uchafu.

Halafu kuna tope. Vilima vikikatwa miti na mchanga ukichimbwa kitandani mwa mto, mvua ya masika hushusha udongo mwingi, udongo huo hufunika changarawe na mizizi ambako samaki hutaga na vifaranga hujificha, na vina vya maji hujaa vikawa sawasawa na uwanja. Samaki anataka kina cha kujificha, kivuli, mizizi, na mahali maji yanapotulia. Mto ulionyooka, usio na mti wala kina, hata maji yake yakiwa safi kama ya zamzam, samaki hana makazi humo. Ndiyo maana kujengea mito kingo za zege, kama ilivyofanywa katika miaka ya karibuni kwa Mto Ng'ombe, kunaweza kuzuia mafuriko lakini hakurudishi samaki. Tunalisema hili kwa uadilifu: aliyefurikiwa nyumba yake ana haki ya kulitaka zege. Ila tusidanganyane kwamba zege ni kuuponya mto.

Baadhi ya ndugu zetu watasema: mbona kambale wapo? Ni kweli, kambale wanaonekana. Lakini Mwenyezi Mungu amempa kambale kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu, naye hupanda akameza pumzi kama tunavyomeza sisi. Kambale anaishi pale ambapo perege amekwisha kufa. Kwa hiyo kumwona kambale si dalili ya uzima wa mto. Mara nyingine ni dalili kwamba wengine wote wamekwenda na amebaki yeye.

Na huyo kambale ana hukumu yake. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), katika Sunan ya Abu Daud na ya Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuliwa nyama ya jallaala na kunywewa maziwa yake. Jallaala ni mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni najisi. Mafakihi walipoufafanua mlango huu walitaja ngamia, ng'ombe, mbuzi na kuku, na wengine wakaingiza samaki aliyekuzwa kwa najisi, kwa kuwa sababu ni moja. Wakatofautiana: wengi katika madhehebu yetu wanaona ni karaha ikiwa nyama imebadilika harufu, na wengine wakasema ni haramu. Dawa yake wakasema ni kumfunga na kumlisha chakula twahara mpaka harufu iondoke, na imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfunga kuku wa namna hiyo siku tatu.

Sasa tutazame jambo ambalo mafakihi wale hawakukutana nalo. Watafiti waliopima udongo, maji na mboga za mabonde ya Dar es Salaam wamekuta madini mazito, kama vile risasi na kromi, yanayotoka viwandani, katika gereji na barabarani. Harufu ya najisi huondoka kwa siku tatu. Risasi haiondoki kwa siku tatu, wala kwa kuosha, wala kwa kukaanga. Inakaa mwilini mwa mlaji, na inawadhuru watoto wadogo zaidi kuliko wakubwa. Kwa hiyo hata yule atakayechukua kauli nyepesi katika mas'ala ya jallaala hana pa kupumulia, kwa kuwa hapa tumetoka katika mlango wa najisi na kuingia katika mlango wa madhara, nao ni mlango mgumu zaidi.

Hali kadhalika mchicha na matembele yanayomwagiliwa maji ya mto huu. Jamhuri ya maulamaa wamejuzisha mazao yaliyonyweshwa maji najisi, kwa kuwa najisi hugeuka ndani ya mmea ikawa kitu kingine. Hanbali, kama ilivyo katika al-Mughni ya Ibn Qudama, wameyazuia mpaka yanyweshwe maji twahara. Hitilafu hiyo tunaiheshimu. Lakini muulize mwenye bustani kwamba je, fungu analolipeleka sokoni ndilo analompikia mkewe? Wapo watakaokujibu kwa unyoofu, na wapo watakaotazama pembeni.

KUHAMISHA MADHARA SI KUONDOA MADHARA

Yapo katika historia ya mto huu mambo ambayo kila Muislamu wa Dar es Salaam inafaa ayajue. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walilishitaki Jiji mbele ya Mahakama Kuu kwa ajili ya dampo lililokuwa likiwatesa kwa moshi, nzi na harufu. Wananchi walishinda, na katika shauri hilo Jaji Lugakingira aliitaja ibara ya 14 ya Katiba, yaani haki ya mtu kuishi. Ni ushindi mkubwa, na wengi wetu hatukuusoma shuleni. Lakini je, taka zilikwenda wapi? Zilikwenda Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Msimbazi huu huu, nazo zikaendelea kumwagwa hapo mpaka mwaka 2001.

Wanafunzi wa kawaida za fiqhi wanaijua kanuni inayosema kwamba madhara huondolewa, na wanajua pia sharti lake: hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Asili ya kanuni zote mbili ni ile hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kulipiza madhara, aliyoipokea Ibn Majah na wengineo kwa njia nyingi zinazotiliana nguvu. Kuhamisha jaa kutoka kwa jirani mwenye wakili kwenda kwa jirani asiye na wakili hakukuondoa chochote. Na hivi ndivyo ufanyavyo mto wote: Vingunguti inaupeleka uchafu Kigogo, Kigogo inaupeleka Jangwani, Jangwani inaupeleka baharini, na baharini kuna mvuvi naye anatafuta riziki ya wanawe.

Mikoko ya pale Salenda ni kitalu. Vifaranga wa samaki wengi wa pwani na kamba wadogo hujificha kati ya mizizi ya mikoko mpaka wapate nguvu ya kutoka baharini. Maji yanayowafikia ndiyo hayo yaliyopita kwetu sote. Mvuvi analalamika Feri kwamba bahari imekuwa kavu, naye hajui kwamba sehemu ya sababu imo chooni kwa shemeji yake wa Buguruni.

MASIKITI YALIYOMO NDANI YA HARIMU

Sasa tunafika penye uzito, na tunaomba tusikilizwe mpaka mwisho.

Sheria ya nchi, yaani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Watu wengi wanaiona mita hizo 60 kuwa ni uzushi wa maofisa. Lakini maulamaa wetu waliandika juu ya harimu ya mto karne nyingi kabla ya ofisi hizo. Fungua mlango wa kuhuisha ardhi mfu katika Nihaya ya ar-Ramli au Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami, vitabu viwili ambavyo fatwa za madhehebu yetu zinavitegemea. Wanaeleza kwamba mto una eneo lake pembezoni, kwa kadiri ya haja ya watu kupita na ya kutupia tope linalochimbwa, na kwamba haijuzu kujenga humo, na kilichojengwa kibomolewe, hata kama ni msikiti. Tunarudia: hata kama ni msikiti. Na wakalalamika kwamba balaa hiyo imeenea katika zama zao na watu hawakanyiki. Hiyo ni karne ya kumi Hijria, ndugu zetu, na walikuwa wakizungumzia Nili.

Misikiti mingapi imo ndani ya harimu ya Msimbazi na matawi yake? Sisi hatutaitaja mmoja mmoja katika kikao hiki, kwa kuwa wenye misikiti hiyo ni ndugu zetu waliojenga kwa jasho lao na kwa nia njema, na wengi walijenga wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaonesha mpaka. Katika mafuriko ya Desemba 2011 yalikufa maisha ya watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, na nyumba nyingi za bondeni zimevunjwa baada ya wenyewe kulipwa fidia. Mtu anaweza kuwa na mjadala juu ya kiwango cha fidia, na mwenye haki aidai kwa njia zake. Tunachokikataa ni ile hoja inayosikika katika baadhi ya kamati, kwamba msikiti haugusiki hata ukiwa katikati ya njia ya maji. Hoja hiyo haina mashiko katika madhehebu tunayojinasibisha nayo. Wakfu una hukumu zake za kuhamishwa panapokuwa na dharura, na waqifu wa kwanza wa bonde lile ni Mwenyezi Mungu aliyelifanya kuwa njia ya maji.

Hapa hukosi kusikia pingamizi jingine, kwamba Umma unakabiliwa na mambo makubwa: itikadi zimeharibika, riba imeenea, vijana wameacha sala, na sisi tunakaa kuzungumza habari ya perege. Ndugu anayesema hivyo tunamheshimu wivu wake wa dini. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, kama ilivyo katika Sahihi mbili, na katika hadithi ya Muadh (r.a.) iliyoko kwa Abu Daud na Ibn Majah ametahadharisha na mambo matatu yanayomletea mtu laana, la kwanza likiwa ni kujisaidia mahali watu wanapochota maji. Hakusubiri mpaka itikadi za watu wote zitengemae ndipo awakataze. Na katika Suratur-Rum, aya ya 41, Allah (s.w.) ameufungamanisha ufisadi unaodhihiri barani na baharini na machumo ya mikono ya watu wenyewe. Anayetaka kulitenga jambo hili na dini atueleze atafanya nini na aya hiyo.

MFANO WA WADI HANIFA

Wako watakaotutajia Mto Thames wa London, ambao mwaka 1957 ulitangazwa kuwa umekufa na leo una samaki wa aina nyingi. Ni mfano sahihi. Sisi tumechagua kuutaja wa karibu zaidi na nyoyo zetu, nao ni Wadi Hanifa ulioko Riyadh, bonde lililopewa jina la Banu Hanifa, watu wa Thumama bin Uthal (r.a.) na, kwa bahati mbaya, wa Musaylima pia.

Bonde hilo lina urefu wa kama kilomita 120. Mji wa Riyadh ulipokua kwa kasi lilichimbwa mawe, likamwagwa vifusi, likageuzwa njia ya maji taka. Kuanzia mwaka 2001 mamlaka ya mji ikaanza kulirejesha. Waliondoa vifusi, wakarudisha umbo la kitanda cha bonde ili maji ya mvua yapate njia, wakapanda miti ya asili ya mahali pale, kisha wakajenga mfululizo wa mabwawa madogo madogo ambamo maji taka hupitishwa juu ya mawe, hupuliziwa hewa, na humo mwani, vijidudu na samaki hufanya kazi ya kuyasafisha. Perege ni miongoni mwa samaki hao. Maji yanayotoka yanatumika kumwagilia. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu.

Na kwa upande wa fiqhi, Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudia lilikwisha kuitolea uamuzi mas'ala ya maji taka yaliyosafishwa mwaka 1398 Hijria, sawa na 1978: yakisafishwa kikamilifu mpaka isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yanarudi kuwa twahara, ingawa kwa kunywa wakashauri kujiepusha kwa ajili ya afya. Tazama namna mlango unavyofunguka pale ilmu ya maji na ilmu ya fiqhi zinapokaa meza moja. Sifa zile zile tatu zilizoyatia maji najisi, zikiondoka, hukumu nayo inaondoka.

Kweli, Riyadh wana fedha ambazo sisi hatuna. Lakini hapa hapa Dar es Salaam, Mto Mlalakuwa wenye urefu mdogo ulianza kufanyiwa kazi ya namna hiyo tangu mwaka 2012 kwa ushirikiano wa wakazi, mashirika na serikali, wakianza na taka za majumbani na maji ya vyoo. Haukuwa mto wa peponi baada ya hapo, na kazi ya mto haimalizwi kwa mradi mmoja. Ila imeonekana mahali pa kuanzia.

YA KUFANYA

Mpangilio ni muhimu, kwa sababu watu hupenda kuanza na lile linalopendeza kwenye picha. Kikundi kinanunua vifaranga wa sato, kinaalika wageni, kinavimwaga mtoni, kinapiga makofi. Wale wanaobaki hai, ikiwa wapo, ni sato wa kufugwa, ambao huzaana na perege wa asili wa mito yetu ya pwani na kuharibu nasaba yao. Hatuungi mkono jambo hilo. Mto ukipata hewa na kivuli, samaki watakuja wenyewe kutoka katika vijito vya juu na kutoka mdomoni mwa bahari. Kwanza uzuiwe uchafu, kisha miti, samaki mwisho.

Uchafu wa kwanza ulio mikononi mwetu ni kutapisha vyoo. Kila mmoja hapa anaijua kazi hii. Mvua kubwa ikinyesha usiku, shimo la choo linatobolewa kwa ubavuni, na kilichomo kinakwenda na maji. Anayefanya hivyo si kafiri wa mbali. Ni mpangaji mwenzetu, ni mwenye nyumba, pengine ni maamuma wa safu ya pili aliyeitikia amina pamoja nasi Isha ile ile. Tunasema wazi kwamba hilo ni katika yale yanayoleta laana kwa mujibu wa hadithi tuliyoitaja, na kwamba giza na mvua havilibadilishi. Lakini kukataza ovu kuna adabu yake. Jirani wa namna hii anaendewa mchana, kwa faragha, na kabla ya kumkataza aulizwe kama anayo fedha ya gari la kunyonya, na kama gari lenyewe linafika uchochoroni kwake. Mara nyingi halifiki. Kuna pampu za mkono zinazonyonya shimo na kupakia mapipa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu mpaka kwenye mabwawa ya maji taka, na pampu ya aina hiyo ni kitu kinachofaa kuwekwa wakfu kama tunavyoweka wakfu misahafu na jeneza. Misahafu katika misikiti yetu imejaa makabati. Pampu hatuna hata moja.

La pili ni siku za Idi ya kuchinja. Damu, kinyesi cha tumboni na kwato zinazotupwa mtoni kwa siku tatu ni mzigo mkubwa kwa maji yaliyokwisha kukosa hewa. Serikali ilianza mwaka 2019 kujenga machinjio mapya ya kisasa pale Vingunguti, baada ya miaka mingi ya maji ya damu kuteremka bondeni. Haitakuwa uadilifu machinjio yatakiwe kusafisha maji yake na sisi wenye udhiya tumwage. Kila msikiti uchimbe shimo mapema, mbali na ukingo wa mto na mbali na kisima, vifukiwe humo.

Tatu, maji ya udhu. Haya ni twahara katika madhehebu yetu ingawa hayatwaharishi tena, na misikiti mingi inayapeleka mtaroni yakachanganyika na najisi. Yaelekezwe kwenye migomba au miti. Ama hadithi ya kukataza israfu ya maji hata kwa aliye penye mto unaopita, sanadi yake imesemwa kuwa na udhaifu, lakini maana yake imethibiti kwa dalili nyingine, na bomba letu linalovuja tangu Ramadhani halihitaji sanadi.

Ukingoni, pale ambapo nyumba zimeondolewa, pasiachwe wazi kwa wachimba mchanga. Matete na mabingobingo hushika tope na kuchuja maji. Mianzi na mikuyu hutoa kivuli na mizizi yake hutengeneza vina ambamo samaki hujificha. Mche upandwe mwanzoni mwa masika, na upandwe pamoja na jina la mtu atakayeutazama kiangazi, vinginevyo tunapanda kuni. Upandaji wa ndani ya bonde la mradi hauwezi kufanyika bila ruhusa ya halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na barua tumekwisha kuiandika.

Viwanda hatuna uwezo wa kuvifunga, wala hatutamruhusu kijana yeyote kwenda kuvifanyia vurugu kwa jina la msikiti. Njia ni kuandika siku, saa, mahali na rangi ya maji, kwa mashahidi wawili waadilifu, na kuipeleka taarifa hiyo kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Watu wa Tabata walifuata njia ya sheria, nao walishinda mahakamani.

Ili taarifa ziwe na maana, wanafunzi wa darasa la juu watauangalia mto kila mwezi mahali pamoja. Watajaza chupa nyeupe waone kama maji yanapenyeza mwanga, watanusa, na watageuza mawe kutazama wadudu. Wakikuta minyoo myekundu peke yake, maji hayana hewa. Wakianza kukuta mabuu ya kereng'ende, mto umeanza kupumua. Daftari litakaa kwa katibu wa msikiti na muumini yeyote anaweza kuliomba.

Shimo la choo la msikiti huu litanyonywa kwa gari siku ya Jumamosi, insha'Allah, kwa fedha za sanduku, na kamati imekubali kuziba kwa saruji lile tundu la upande wa mtoni. Wanaotaka kuchangia wakfu wa pampu waandikishe majina kwa mhazini baada ya Maghrib. Wazee wanaokumbuka vilipokuwa vina vya zamani, pale ambapo perege walikuwa wakivuliwa, tunawaomba wakutane na vijana Jumapili asubuhi wawaoneshe mahali penyewe, ili pawekwe alama kabla ya kupandwa miti.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.